KAMBARAGE KABLA YA TANU: MWANAFUNZI ALIYENYIMWA UKIRANJA MKUU

Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike maisha ya mtu mmoja mashuhuri ambaye vijana waliomo madarasani leo hawakumkuta akiwa hai. Nimemchagua Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Najua wengi mtaguna kwamba huyo ameandikwa vya kutosha, na picha yake imo katika kila ofisi niliyowahi kufanyia kazi. Ni kweli. Lakini sehemu kubwa ya maandishi hayo huanzia tarehe 7 Julai 1954, siku TANU ilipozaliwa, kana kwamba mtu yule alishuka siku hiyo akiwa kiongozi kamili. Mimi nataka nikae zaidi kwenye miaka yake ya dawati na bweni.

Ninayo sababu. Katika kikao chetu kilichopita palikuwa na mjadala mkali kuhusu fedha tunazochangia kwa ajili ya mafunzo ya uongozi kwa wanafunzi. Wako waliosema fedha hizo ziwapeleke viranja semina, kwa kuwa ndio viongozi. Wengine, nami nikiwa mmoja wao, walitaka zinunue vitabu na kufufua mdahalo wa Jumamosi na Skauti, mambo ambayo hayamchagui mtu. Hatukuafikiana, na suala hilo litarudi kikaoni. Basi nayaweka hapa maisha ya mwanafunzi mmoja, kila mtu ayatazame mwenyewe.

Kambarage alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922 kijijini Butiama, upande wa mashariki wa ziwa lile ambalo sisi tuko magharibi yake. Baba yake, Burito Nyerere, alikuwa mtemi wa Wazanaki na alikuwa na wake 22. Mama yake, Mgaya, alikuwa wa tano. Msomaji asidhani kwamba mtoto wa mtemi aliishi kwa raha. Alilala katika nyumba ya mama yake na kuchunga mbuzi kama watoto wengine wa Butiama. Shule aliiona akiwa na umri wa miaka 12, mwaka 1934, alipopelekwa Mwisenge, Musoma, mwendo wa kilometa 40 hivi kutoka nyumbani. Masomo ya miaka minne aliyamaliza kwa mitatu, na mwaka 1937 akaingia Shule ya Serikali ya Tabora. Jina la Julius alikuwa bado hajalipata. Alibatizwa baadaye, Desemba 1943.

Inafaa kueleza Tabora ilikuwa shule ya namna gani, maana hata leo wengi wetu tunaendesha shule zetu kwa kuiga mfano ule bila kujua ulikotoka. Waingereza waliijenga kwa sura ya shule za kwao za mabwana wakubwa. Hapo awali ilikusudiwa watoto wa watemi, ili wakirudi nyumbani wakawe watawala chini ya mkoloni. Kulikuwa na mabweni yanayoshindana, paredi, na viranja wenye mamlaka juu ya wenzao. Ukiranja ulikuwa ndio mpango wa uongozi wenyewe: mtoto wa mtemi anafundishwa kuamuru wenzake wa bwenini ili baadaye aamuru watu wa kwao. Viranja walikuwa na haki zao za pekee, na husimuliwa kwamba Kambarage alizipinga haki hizo waziwazi. Sisi tuliokula ugali wa bwalo tunajua uzito wa jambo hilo. Kiranja akipakua kwanza, wa mwisho katika mstari huambulia maji ya maharage.

Mambo mawili alijishughulisha nayo sana pale Tabora. La kwanza ni Skauti. Aliposoma kitabu cha Baden-Powell cha mafunzo ya Skauti, yeye na wenzake walisaidia kuanzisha kikosi shuleni. La pili ni mdahalo. Huko ndiko alikojulikana. Alikuwa na umbo dogo, hakuwa na sifa za mpira za kumfanya ashangiliwe, lakini akisimama kutetea hoja watu walisikiliza. Kiingereza alikichimba mwenyewe katika maktaba ya shule, kitabu baada ya kitabu, na wenzake waliokuwa naye walimkumbuka kama kijana aliyetaka sana kuwa wa kwanza darasani.

Sasa ndipo linapokuja jambo lililonifanya nichague kichwa cha habari hii. Walimu wa Tabora walimpendekeza awe kiranja mkuu. Mkuu wa shule akakataa. Sababu aliyoitoa ni kwamba kijana huyo alikuwa mpole mno kwa kazi hiyo. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi. Mkuu yule hakuwa mjinga, na kwa vipimo vya shule yake huenda alikuwa sahihi, kwa kuwa alihitaji mtu wa kutisha wadogo ili mabweni yatulie. Alichokosea ni kudhani kwamba kutisha wadogo na kuongoza watu ni kazi moja. Nasikitika kusema kwamba dhana hiyo haikuondoka na Waingereza.

Mwezi Machi 1942, akiwa mwaka wa mwisho, baba yake alifariki. Aliomba ruhusa ya kwenda kuzika, na shule ikamkatalia. Wale wanaodhani kuwa shule za zamani zilikuwa na utu kuliko za sasa wakumbuke hilo.

Januari 1943 alifika Makerere, Kampala, kusomea ualimu kwa msaada wa masomo. Wakati ule Makerere ilikuwa ndicho chuo pekee cha juu kwa Waafrika wa nchi zetu hizi, nayo ilitoa stashahada tu. Mwezi Julai mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 21, aliandika barua kwa gazeti la Tanganyika Standard akieleza kwamba ubepari si desturi ya Mwafrika na kwamba waliosoma wana wajibu wa kuonyesha njia ya ujamaa. Msomaji apime: Azimio la Arusha lilikuja miaka 24 baadaye. Alishinda pia shindano la insha kwa maandishi yake juu ya kuonewa kwa wanawake, akitumia mawazo ya Mwingereza John Stuart Mill kutazama mila za Wazanaki wenyewe. Ilihitaji ujasiri kwa mtoto wa mtemi mwenye wake 22.

Lakini mimi huvutiwa zaidi na vyama alivyovianzisha. Pamoja na wanafunzi wenzake wawili, Hamza Mwapachu na Andrew Tibandebage (msomaji wa Kagera hatauliza jina hili la pili limetoka upande gani), aliunda chama cha ustawi wa Waafrika wa Tanganyika pale chuoni. Chama hicho hakikudumu. Wakakiacha kife, wakafufua badala yake tawi la Makerere la African Association, kile chama cha makarani na walimu kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1929 na kikaja kuitwa TAA. Tawi nalo likazimika ilipofika 1947. Pia alianzisha pale chuoni kikundi cha walei Wakatoliki.

Hesabu, ndugu msomaji. Kijana huyu alikuwa ameanzisha au kufufua vyama kadhaa kabla hajatimiza miaka 25, na viwili vilikufa. Angekuwa mradi wa siku hizi, afisa mmoja angeandika katika taarifa kwamba haukuwa endelevu. Nami nasema humo ndimo alimosomea kazi: kuandika katiba, kuitisha kikao ambacho watu hawaji, kukusanya ada kwa wasiotaka kutoa, kugundua kwamba mwenzako aliyeahidi hatatokea. Mambo hayo hayafundishiki kwa bango kitita. Na vyama vya wanafunzi vina faida moja kubwa, kwamba vikifa havimuui mtu.

Alipomaliza, akapewa nafasi ya kufundisha katika shule mbili za Tabora: ile ya Serikali aliyosoma, na St. Mary's ya wamisionari. Akachagua St. Mary's ijapokuwa mshahara wake ulikuwa mdogo. Tibandebage naye alikuwa mwalimu huko. Jioni alifundisha watu wazima wa mjini Kiingereza bila malipo. Alijiunga na tawi la TAA la Tabora, akawa mtunza hazina, na tawi hilo lilifungua duka la ushirika la kuuza sukari, unga na sabuni. Kwa muda mfupi alifanya pia kazi ya serikali ya kukagua bei madukani, lakini akaiacha baada ya kuona taarifa zake za udanganyifu zinapuuzwa na wakubwa. Sisi watumishi wa umma tunaweza kutabasamu hapo, kisha tuendelee.

Kisa cha wakati huo kinachostahili kusimuliwa kwa wanafunzi ni mdahalo uliofanyika katika shule yake ya zamani. Hoja ilikuwa kwamba tangu Afrika igawanywe, Mwafrika amefaidika kuliko Mzungu. Wasemaji wa upande wa kuunga mkono walikuwa walimu wawili wa shule ile. Nyerere alipinga, akashinda. Baada ya hapo alipigwa marufuku kukanyaga tena shuleni hapo. Yaani shule iliyomfundisha kujenga hoja iliogopa hoja yake ilipokomaa. Mwezi Aprili 1946 alikuwa miongoni mwa waliohudhuria mkutano wa TAA Dar es Salaam, ambao ulitangaza kuwa chama kinataka nchi ijitawale. Na yule Tibandebage walikaa pamoja wakaiandika upya katiba ya chama, kazi waliyokwisha kuifanyia mazoezi Kampala.

Miaka ya Edinburgh naipita haraka. Padri Richard Walsh, mkuu wa St. Mary's, ndiye aliyemhimiza aende Uingereza. Ombi lake la kwanza la fedha lilikataliwa, la pili likakubaliwa, akaondoka mwaka 1949 na kurudi mwaka 1952 akiwa na shahada ya M.A. Januari 1953 alifunga ndoa na Maria Gabriel, mwalimu, akaenda kufundisha St. Francis, Pugu. Aprili mwaka huohuo akachaguliwa Rais wa TAA. Hapo ule uamuzi wa kuchukua mshahara mdogo wa misheni ulionyesha thamani yake, kwa kuwa mwaka huohuo serikali ya Gavana Twining iliwakataza watumishi wake kujihusisha na vyama vya siasa. Makarani wengi wenye uwezo walifungwa mikono. Mwalimu wa misheni alikuwa bado na nafasi.

TANU ikazaliwa Julai 1954. Machi 1955 Nyerere alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa mjini New York, akiwa hajatimiza miaka 33, kudai kwamba Tanganyika ni nchi ya Waafrika na itawaliwe hivyo. Aliporudi akalazimika kuchagua kati ya ualimu na siasa, akaacha kazi. Uhuru ulikuja tarehe 9 Desemba 1961.

Kazi yangu serikalini imenikalisha mara nyingi kwenye meza ya usaili. Huingia kijana ana cheti kizuri, lakini ukimuuliza swali dogo sauti yake inakufa kooni. Huingia mwingine mwenye alama za kawaida, akakutazama usoni, akakubali asichokijua na kueleza anachokijua. Ukimdodosa utaambiwa alikuwa katibu wa klabu fulani, au mweka hazina wa Skauti, au alisimama mdahaloni mbele ya kidato cha nne akiwa kidato cha pili akachekwa. Ni mara chache naambiwa alikuwa kiranja mkuu. Sisi tuliotoka Bisibo tulifika shuleni na Kiswahili chenye lafudhi ya nyumbani, tukawakuta wenzetu wa mjini wanasema kama redio. Aliyetupa ulimi ni mwenyekiti wa mdahalo wa Jumamosi aliyeita kila mtu kwa zamu bila kuuliza anatoka wapi. Ila niseme pia kwamba ule wa Kiingereza ulinyamazisha nusu ya bwalo, na sioni sababu ya kutoruhusu Kiswahili humo. Tusichukulie bidii ya Kambarage katika maktaba kuwa ya kila mtoto.

Sitaki niandike kana kwamba mtu huyu hakuwa na kasoro. Mwaka 1966 wanafunzi walimwendea yeye. Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, lilikuwa la kujitolea, na serikali ikaamua kuwa wahitimu wa vyuo walitumikie kwa lazima kwa miaka miwili: miezi mitano kambini, na muda uliobaki kazini kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa vyuo vingine waliandamana hadi Ikulu, baadhi yao na mabango ya kusema enzi za mkoloni zilikuwa na nafuu. Nyerere aliwasikiliza. Kisha akakasirika. Siku hiyohiyo alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wanafunzi karibu 400 wakarudishwa makwao.

Nadhani tunaweza kuiona bweni ya Tabora katika hasira ile. Aliona mbele yake viranja wapya wanaodai kupakua kwanza, katika nchi ambayo mkulima ndiye aliyewalipia. Kuhusu mshahara nakubaliana naye kabisa. Kuhusu kuwafukuza sikubaliani, maana kijana aliyefunga safari kwenda kumwambia Rais hoja yake, hata hoja mbovu, alikuwa anafanya lilelile ambalo Kambarage alifanya mbele ya walimu wa Tabora, naye akafungiwa mlango kwa ajili yake. Bahati nzuri wengi walirudishwa mwaka uliofuata. Mmoja wa waliofukuzwa, Samuel Sitta, alikuja kuwa Spika wa Bunge mwaka 2005. Tena Novemba 1970 serikali yake ilikifunga chama cha wanafunzi wa kimapinduzi pale Chuo Kikuu, USARF, pamoja na jarida lao la Cheche, ingawa wanafunzi hao walikuwa wakidai ujamaa zaidi. Mwenyekiti wa kwanza wa chama hicho alikuwa mwanafunzi kutoka Uganda, Yoweri Museveni. Yaliyompata baadaye kila mtu anayajua, na kama mafunzo ya uongozi yale yalizaa mema au la, waulizwe Waganda.

Machi 1967 Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Sisi tuliokuja baadaye tulilijua kwa majembe tu, yaani shamba la shule na mabanda ya kuku. Ni wachache wanaokumbuka kwamba andiko lile lilitaka pia wanafunzi washiriki kuamua mambo ya shule yao: nini kilimwe, mapato yatumikeje, kazi zigawanywe vipi. Jembe liliingia shuleni mwaka uleule. Kushiriki kuamua kumechelewa njiani, na wanafunzi wa leo wanaojisomea haya bwenini wanajua vizuri kuliko mimi kama kumefika.

Aliacha urais mwaka 1985, akarudi Butiama kulima. Lakini hakuachwa apumzike. Kwetu huku tunaijua vizuri sababu. Rais Ndadaye wa Burundi alipouawa Oktoba 1993, watu walivuka mpaka kwa maelfu kuingia Ngara na wilaya jirani. Kuanzia mwaka 1996 Mwalimu alikuwa msuluhishi wa mgogoro ule. Alikuwa na zaidi ya miaka 70, anaongoza vikao vya mahasimu waliokuwa hawataki hata kuketi chumba kimoja, na kuanzia Juni 1998 akawakusanya Arusha, ujumbe baada ya ujumbe, kila mmoja apewe zamu yake ya kusema. Kazi hiyo hakuimaliza. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 kwa saratani ya damu, akazikwa Butiama. Mzee Nelson Mandela wa Afrika Kusini akakishika kiti chake, na mkataba ukatiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000. Wenzangu wa darasa mtakumbuka kambi ya Lukole tuliyokuwa tukiipita kwenye malori tukienda likizo, mahema na moshi hadi upeo wa macho. Leo haipo tena.